Dennis Ritchie: Mtu aliyeifanya kompyuta inakili bila kuuliza

Dennis Ritchie, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani aliyeaga dunia Oktoba 2011 akiwa na umri wa miaka 70, hakuwa mtu wa majukwaa. Jina lake halifahamiki sana nje ya fani yake. Hata hivyo, mtu anapotuma picha kwa simu, anapohamisha wimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, au anapotunza nakala ya waraka kabla ya kuufanyia mabadiliko, kazi hiyo kwa sehemu kubwa hupita katika njia iliyochorwa na Ritchie na mwenzake Ken Thompson zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Faili, liwe la maandishi, la picha, la sauti au la programu, ni safu ya baiti na si zaidi ya hapo. Mfumo wa kompyuta hauulizi ndani yake mna nini. Uamuzi huo uliwapa watu uhuru mkubwa wa kunakili na kurekebisha karibu chochote kilichohifadhiwa katika kompyuta. Uliwatwika pia mzigo wa kuwa waangalifu, kwa kuwa mashine isiyouliza vilevile haionyi. Maisha ya Ritchie, tangu ujana wake hadi miaka iliyofuata kifo chake, yalibeba pande zote mbili za uamuzi huo.

Mtoto wa mhandisi wa swichi

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 katika mji wa Bronxville, jimbo la New York, akakulia Summit, jimbo la New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alifanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya AT&T, na alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa kitabu kuhusu usanifu wa saketi za swichi kilichotoka mwaka 1951.

Swichi ina hali mbili tu: imefungwa au imefunguliwa. Juu ya msingi huo ndipo kompyuta yote ilipojengwa. Hali moja huandikwa 0 na nyingine 1, na kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Biti nane zikikusanywa pamoja hufanya baiti moja, yenye uwezo wa kubeba thamani 256, kuanzia 0 hadi 255. Herufi moja ya Kilatini hutoshea katika baiti moja. Picha, wimbo au programu huhitaji maelfu au mamilioni ya baiti, lakini baiti hizo hazitofautiani kwa lolote na zile za maandishi.

Ritchie alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1963. Alipokuwa huko alihudhuria mhadhara kuhusu kompyuta ya Univac, na tangu hapo mawazo yake yakaelekea kwenye mashine hizo. Aliendelea na masomo ya juu ya hisabati tumizi, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu uhusiano kati ya muundo wa programu na ugumu wa hesabu inazoweza kufanya. Tasnifu ilikamilika mwaka 1968.

Shahada, hata hivyo, hakuipata. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Albert Meyer, mwanafunzi mwenzake wa wakati huo, maktaba ya chuo ilidai nakala iliyojalidiwa, na ujalidi ulikuwa na gharama. Ritchie hakuipeleka nakala hiyo. Kazi iliyokuwa imekwisha kufanyika ikabaki bila kuingia katika rafu za maktaba, na mwandishi wake akaishi maisha yake yote bila cheo cha udaktari alichokuwa amekifanyia kazi.

Faili lisiloulizwa

Mwaka 1967 Ritchie alikuwa tayari ameajiriwa Bell Labs, Murray Hill, jimbo la New Jersey, mahali alipofanya kazi baba yake. Maabara ilikuwa ikishirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kujenga Multics, mfumo mkubwa wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kazi ilikwenda polepole huku gharama zikipanda, na mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa.

Ritchie, Thompson na wenzao wachache hawakutaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani, ambapo mtu alikabidhi kadi zake zilizotobolewa matundu, kisha akasubiri majibu. Mwaka huohuo Thompson alipata kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, akaanza kuandika humo mfumo mpya. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Unix, na Ritchie alikuwa mshirika wake mkuu tangu hatua za awali.

Katika mifumo mingi ya enzi hiyo, mtumiaji hakuhifadhi faili bila kwanza kulitangazia umbo lake: urefu wa kila rekodi, namna rekodi zilivyofungashwa pamoja, na nafasi itakayohitajika kwenye diski. Faili la mishahara lilikuwa na umbo moja, la programu umbo jingine. Mara nyingi programu iliyoandikwa kwa ajili ya aina moja haikufaa kwa aina nyingine, na kunakili faili tu kulihitaji mtu ajue mambo ambayo hayakumhusu.

Unix iliyaondoa hayo yote. Faili likawa safu ya baiti yenye mwanzo na mwisho. Kama safu hiyo ni barua, hesabu au programu, hilo lilibaki suala la mwenye faili na programu inayolisoma. Hata vifaa kama kibodi, mashine ya kuchapa na mkanda wa sumaku vilipewa majina na kutumiwa kana kwamba ni mafaili. Programu moja fupi iliyojua kusoma baiti na kuziandika mahali pengine iliweza kuhudumia vyote.

Mwaka 1970 kikundi hicho kiliagiza kompyuta mpya, PDP-11, kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandaa nyaraka, na watumiaji wa kwanza kutoka nje ya kikundi wakawa wachapaji wa idara ya hataza. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu. Picha moja ya simu ya leo aghalabu huzidi kiasi hicho zaidi ya mara mia moja. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, tayari ulikuwa na amri ya kunakili faili, iliyoandikwa kwa herufi mbili tu: cp. Amri hiyo ingali inatumika hadi leo kwa jina hilohilo.

Kutoka B hadi C

Thompson alikuwa ametunga lugha ndogo ya programu iliyoitwa B, akiitoa katika lugha ya BCPL ya Martin Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Lugha ya B ilitambua kitu cha aina moja tu, yaani neno zima la kumbukumbu ya mashine. Katika PDP-7 hilo halikuleta shida kubwa. Katika PDP-11, ambamo kila baiti ilikuwa na anwani yake, kuishughulikia herufi moja kwa lugha ya B kulikuwa na usumbufu mwingi.

Kuanzia mwaka 1971 Ritchie aliirekebisha lugha hiyo hatua kwa hatua. Aliipa aina mbalimbali za vitu: kimoja cha ukubwa wa baiti kwa ajili ya herufi, kingine kwa ajili ya namba kamili, na vielekezi, ambavyo ni namba zinazotaja mahali kitu kilipo katika kumbukumbu, mfano wa namba ya nyumba mtaani. Baadaye akaongeza miundo, inayokusanya vitu vya aina tofauti chini ya jina moja. Lugha hiyo mpya ikaitwa C. Katika majira ya joto ya mwaka 1973 yeye na Thompson waliandika upya kiini cha Unix kwa lugha hiyo.

Hapo awali mifumo kama hiyo iliandikwa kwa lugha ya mashine fulani, na mashine ilipochakaa mfumo ulikufa nayo. Unix iliyoandikwa kwa C iliweza kuhamishwa. Aliyetaka kuipeleka kwenye kompyuta ya aina nyingine alihitaji kuirekebisha sehemu ndogo tu, kisha akaitafsiri iliyobaki.

Kata na mitungi miwili

Anayenakili faili kwa lugha ya C hufanya kama mtu anayehamisha maji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine kwa kata. Kwanza programu hufungua faili la asili kwa kulisoma, kisha hufungua faili jipya kwa kuliandika. Hutenga sehemu ya kumbukumbu, tuseme ya baiti 512, ukubwa uliolingana na vipande vya diski za Unix ya awali. Hiyo ndiyo kata. Amri ya kusoma huijaza kata na kutoa jibu la idadi ya baiti zilizopatikana. Amri ya kuandika huimimina kata hiyo katika faili jipya. Kazi hurudiwa hadi amri ya kusoma ijibu kuwa imepata sifuri.

Umuhimu wa kuitazama idadi hiyo huonekana mwishoni. Faili la baiti 1,300 hutoa kata mbili zilizojaa na ya tatu yenye baiti 276. Mwandishi wa programu anayemimina baiti 512 kila mara bila kuangalia idadi hupata nakala iliyo ndefu kuliko asili, na baiti 236 za mwisho ni masalia ya kata iliyotangulia. Nakala hiyo hufanana na asili kwa sehemu kubwa, lakini si nakala.

Kurekebisha faili lililopo huhitaji amri moja zaidi, ya kusogea hadi nafasi fulani katika safu. Nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. Programu husogea, kwa mfano, hadi baiti ya 100, huandika thamani mpya juu ya ile ya zamani, na urefu wa faili haubadiliki. Kuingiza baiti katikati ni jambo jingine, kwa maana lazima zote zinazofuata zisogezwe. Kwa sababu hiyo waandishi wengi wa programu huona ni salama zaidi kuandika nakala mpya yenye mabadiliko, kuhakikisha imekamilika, kisha kuipa jina la ile ya zamani.

Amri ya kusogea yenyewe ilikuwa na historia yake. Katika PDP-11 namba kamili ya kawaida haikuzidi 65,535, hivyo kufika mbali zaidi ya hapo kulihitaji kuhesabu kwa vipande vya baiti 512. Toleo la saba la Unix, lililotoka mwaka 1979, lilileta amri mpya inayotumia namba ndefu, iitwayo lseek, na herufi ya kwanza ya jina lake ni ukumbusho wa mabadiliko hayo.

Mashine isiyoonya

Uhuru huo ulikuwa na bei yake, na wengi wameilipa. Katika C, kufungua kwa ajili ya kuandika faili lililokwishakuwapo hulifuta mara moja yote yaliyomo, kabla hata baiti moja mpya haijaandikwa. Anayebadilisha kwa bahati mbaya majina ya faili la asili na la nakala hupoteza yote yaliyokuwamo katika faili la asili.

Hatari nyingine hutokana na sifuri. Katika C mwisho wa fungu la maandishi huonyeshwa kwa baiti yenye thamani 0. Picha na programu zimejaa sifuri za namna hiyo, na anayezinakili kwa amri zilizokusudiwa maandishi husimama kwenye sifuri ya kwanza. Kwa upande mwingine, amri inayosoma baiti mojamoja hutoa alama hasi kuashiria mwisho wa faili. Mwandishi akiipokea alama hiyo katika chombo cha ukubwa wa baiti moja, katika mashine nyingi baiti halali ya 255 huonekana sawasawa na alama ya mwisho, na nakala hukatika katikati bila kosa lolote kutangazwa.

Lugha ya C ilipohamia kwenye mifumo mingine, matatizo mapya yalijitokeza. Mfumo wa MS-DOS ulimaliza kila mstari wa maandishi kwa baiti mbili, 13 na 10, wakati Unix ilitumia baiti moja ya 10. Isitoshe, baiti ya 26 ilihesabiwa humo kuwa mwisho wa maandishi. Picha iliyosomwa kama maandishi ilipoteza baiti, au ilikatika ilipofika 26. Ndiyo maana kiwango rasmi cha C kilichopitishwa Marekani mwaka 1989 kiliongeza herufi b katika amri ya kufungua faili, ili mwandishi aseme wazi kwamba anataka baiti zilivyo bila kuguswa. Katika Unix herufi hiyo haibadilishi kitu, kwani mfumo huo haukuwahi kutofautisha.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 2 Novemba 1988. Programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta ilienea katika mtandao wa intaneti, ambao wakati huo ulikuwa bado mdogo, ikalemaza maelfu ya mashine. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuitumia programu ya C iliyotenga chombo cha baiti 512 na kupokea maandishi kwa amri ya gets, ambayo haikagui kama yanayoingia yanatosha. Programu hiyo vamizi ilituma baiti 536. Zile 24 za ziada zilimwagika katika sehemu jirani ya kumbukumbu na kubadilisha hatua ambayo mashine ingefuata. Mwandishi wake, Robert Tappan Morris, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell na mtoto wa Robert Morris, aliyefanya kazi na Thompson na Ritchie kule Bell Labs.

Ritchie hakuzificha kasoro za lugha yake. Katika historia ya C aliyoiandika mwaka 1993 alizieleza moja baada ya nyingine, pamoja na mazingira yaliyozizaa: mashine ndogo, kumbukumbu finyu, na watumiaji wachache waliojua walichokuwa wakikifanya. Lugha iliyotungwa kwa ajili ya kikundi cha watu waliofahamiana ilikuwa imekwenda duniani kote na imani ileile. Amri ya gets iliondolewa katika kiwango cha kimataifa cha C kilichotoka Desemba 2011, takribani miezi miwili baada ya kifo chake.

Mikanda iliyosambaa

Kuenea kwa Unix na C kulitokana kwa kiasi fulani na sheria. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, AT&T ilizuiwa kufanya biashara nje ya huduma za mawasiliano. Ritchie na Thompson walipochapisha makala yao kuhusu Unix Julai 1974, vyuo vikuu viliomba mfumo huo na kuupata kwa ada ndogo, ukiwa katika mikanda ya sumaku pamoja na programu zake za asili. Wanafunzi waliweza kusoma kila mstari, kunakili na kurekebisha. Kitabu cha lugha ya C alichokiandika Ritchie pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978 kikawa mwalimu wa vizazi kadhaa.

Baada ya AT&T kugawanywa mwaka 1984, makubaliano ya zamani yaliisha na kampuni ikaanza kuuza Unix kibiashara. Swali la nani ana haki ya kunakili nini likafika mahakamani. Mwaka 1992 tawi lake la Unix lilifungua kesi kuhusu toleo lililotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Shauri lilimalizwa kwa suluhu mwaka 1994. Kati ya mafaili takribani 18,000 ya toleo hilo, matatu tu yalilazimika kuondolewa, na mengine kama 70 yakaongezewa tamko la hakimiliki.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alikuwa ameanza kuandika mwaka 1991 kiini kipya cha mfumo kinachofuata mwendo wa Unix. Kiini hicho, Linux, kiliandikwa kwa C, na ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Kwa njia hiyo kazi ya Murray Hill imefika mikononi mwa watu wengi wa Afrika Mashariki na Kati, ambako simu za aina hiyo ndizo zilizoenea zaidi. Mtu anayehamisha picha za harusi kutoka simu hadi kadi ya kumbukumbu huagiza kazi ileile ya kata na mitungi miwili.

Nakala zilizookolewa

Ritchie mwenyewe alikuwa na desturi ya kutunza nakala. Alipokuwa akiirekebisha programu inayotafsiri lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliweka kando katika mikanda midogo ya sumaku hali yake ya wakati huo, mojawapo ikiwa ile ya muda mfupi kabla hajaanza kutumia miundo katika programu hiyo yenyewe. Miaka mingi baadaye vifaa vya kusomea mikanda hiyo vilikuwa vimeadimika. Wenzake wawili, Paul Vixie na Keith Bostic, walipata kimoja, wakakiunganisha na kompyuta nyingine, na baiti zikatolewa. Ritchie aliziweka hadharani, na kwa sababu hiyo historia ya lugha ya C inaweza kusomwa katika programu zake za awali, mbali na masimulizi ya walioishi wakati huo.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, iliyo ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 1999 Rais Bill Clinton aliwakabidhi Medali ya Taifa ya Teknolojia ya mwaka 1998. Katika Bell Labs Ritchie alishiriki pia kujenga mifumo ya Plan 9 na Inferno, iliyolipeleka mbele zaidi wazo la kufanya kila kitu kiwe faili. Alistaafu mwaka 2007 akiwa mkuu wa idara ya utafiti wa programu za mifumo. Mwaka 2011 yeye na Thompson walitunukiwa Tuzo ya Japani.

Miezi michache baadaye, tarehe 12 Oktoba 2011, Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa amedhoofika kiafya kwa muda. Wiki moja kabla yake alikuwa amefariki Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, na dunia nzima ilikuwa ikiomboleza. Habari za Ritchie zilianza kusambaa kupitia ujumbe mfupi wa mwenzake wa zamani, Rob Pike. Kompyuta na simu za Apple zilizokuwa zikitajwa katika kila taarifa ya msiba wa Jobs zilitumia mfumo unaotokana na Unix.

Ile tasnifu ya mwaka 1968 ilikuwa bado haijaonekana hadharani. Baada ya kifo chake, ndugu zake waliitafuta, na nakala ikapatikana. Mwaka 2020 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la California lilisimulia habari zake na kuiweka katika mtandao wa intaneti, ambako mtu yeyote anaweza kuisoma na kuinakili. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita tangu alipoacha kupeleka nakala moja iliyojalidiwa kwenye maktaba ya Harvard.